Kisu cha Guku na Sindano ya Ndui

Spiriti ina harufu ya ubaridi. Sijui kama wenzangu mnaisikia hivyo, lakini pua yangu ndivyo inavyoniambia: kabla pamba haijagusa ngozi, harufu imekwisha kufika na baridi yake, na vinyweleo vimesimama. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki pale Mabatini, kitoto chake kikachomwe sindano ya surua. Nesi alipofungua kichupa cha spiriti, mimi niliyekuwa nimejikalia kwenye benchi na fimbo yangu nikajikuta nimeushika mkono wangu wa kushoto, hapa juu, penye kovu la mviringo lililobonyea kama mahali punje ya njugu mawe ilipolala kwenye udongo mbichi. Kovu halikuuma. Ni miaka mingi mno. Lakini mkono una akili zake.

Mjukuu akaniambia, "Bibi, twende, ameshapata chanjo."

Nikamuuliza, "Chanjo iko wapi? Mbona sijaona mtu aliyechanjwa?"

Akacheka, akasema bibi naye. Lakini nilikuwa nasema kweli yangu. Kuchanja ninakokujua mimi ni kukata. Kuni unazichanja kwa shoka. Samaki mkubwa unamchanja ubavuni ili chumvi iingie. Mtu unamchanja chale kwa wembe, kisha unapaka dawa pale pale, damu na dawa zinakutana mlangoni. Ukimtoboa kwa sindano, huko ni kudunga, na sisi watu wa huku tunasema kuchoma, utadhani sindano ni kaa la moto. Sasa leo wanachoma, wengine wanadondoshea mtoto matone mdomoni, na yote hayo ni chanjo, wala hakuna aliyekatwa. Wembe umeondoka, jina lake limebaki. Ni kama jirani yangu Mzee Baiskeli, ambaye baiskeli yenyewe aliiuza kabla hajaoa.

Mimi nililikuta neno hilo likiwa bado na makali yake. Na nitawaeleza lilivyonikuta, maana shule sikusoma sana, nilitolewa darasa la pili nikachunge, lakini hili halikuwa somo la shule.

Mkolani kwetu wakati huo haikuwa mji. Ilikuwa mawe, mihogo na ng'ombe. Ukisimama juu ya jabali lililokuwa nyuma ya kwetu unaona ziwa limelala huko chini, jeupe asubuhi, la bluu mchana, na jioni rangi ya sufuria. Redio ya balozi wetu wa nyumba kumi ilikuwa ikisema Ujamaa kutwa, watu wahamie pamoja, walime pamoja, na watu walikuwa wakiisikiliza huku kila mmoja akiangalia kwanza mwenzake atafanya nini. Baba yangu alifanya kazi jineri, kule wanakochambua pamba, akija nyumbani Jumapili na nyuzi nyeupe nywelini kama mzee wa miaka themanini. Siku nyingine tulikuwa wanawake watupu: mama yangu, ambaye kwa Kisukuma tunasema mayu, shangazi yangu Holo, dada wa baba, aliyeachika akarudi na vyungu vyake vyote, na mimi Mbula. Mbula ni mvua. Nilizaliwa inanyesha, na shangazi alikuwa akisema ndiyo maana sinyamazi.

Mayu hakuwa Msukuma. Alitoka Ukerewe, kwa watu waliosali misheni. Kimya chake kilikuwa cha mtu anayehesabu, si cha mtu aliyeshindwa, na mimi nilikuja kulijua hilo nikiwa mkubwa.

Sasa guku. Guku ni babu, baba yake baba yangu. Huyu alikuwa mmoja wa bayeye, wale wacheza ngoma wa Kisukuma wanaocheza na nyoka. Msidhani ni kucheza tu. Bayeye wana dawa yao, inaitwa lukago. Wanakausha kichwa cha nyoka mwenye sumu, wanakichoma pamoja na mizizi wanayoijua wao, wanasaga unga mweusi. Halafu wanakuchanja, kidogo kidogo, vifundoni vya miguu na mikono, na kuusugua unga ule mpaka uingie. Nyoka akikuuma baadaye, mwili unakuwa umekwisha kumfahamu. Nimewahi kumsikia mtu wa pwani, fundi cherehani aliyekuwa sokoni, akisema kwao kinga ya namna hiyo huitwa kago, na kumlinda mtu kwa dawa ni kumkaga. Lukago, kago. Nikajisemea, kumbe neno limetembea hivyo, kutoka bara mpaka baharini au kutoka baharini mpaka bara, na halikupotea njia.

Guku alinichanja nilipokuwa nimeanza kuchunga ndama, kwa sababu ndama hupenda majani ya katikati ya mawe, na katikati ya mawe ndipo nyoka walipo, moma na swila. Nakumbuka wembe haukuuma. Kilichouma ni unga, uliwasha kama pilipili. Kisha akanipa miiko. Nisile kamongo, samaki yule wa matopeni anayefanana na nyoka. Nisiruke jivu la moto wa watu wengine. Na mkubwa kuliko yote: kisu cha mtu mwingine kisinitie dawa nyingine mwilini mpaka yeye aliyenichanja aambiwe kwanza na atoe ruhusa. Dawa mbili zisizojuana, alisema, zikikutana ndani ya mtu zinapigana, na uwanja wa vita ni huyo mtu.

Nusu ya watoto wa pale kwetu walikuwa na chale za guku. Watu wazima pia. Yeye mwenyewe hakukaa nasi tena. Alikuwa amevuka maji, akahamia upande wa Busisi pamoja na wenzake wa ngoma walioitikia ile redio mapema na kuanza kijiji. Siku anahama, watu wa pantoni pale Kigongo walimkatalia kapu lake lenye chatu. Alikaa gatini kutwa nzima na kapu mapajani, akiwatazama tu, mpaka jioni wakamwambia apande asimame nyuma kabisa.

Ndipo ikaja habari ya ndui.

Ilikuja na mitumbwi. Walisema iko kambi moja ya wavuvi, mtu kalala, uso umejaa vipele mpaka mama yake hamtambui. Halafu wakasema wawili. Mayu aliposikia aliacha kutwanga. Aliushika mchi ukiwa hewani, akaushusha taratibu kana kwamba kinu kimelala. Alikuwa ameiona ndui Ukerewe, yeye akiwa mdogo. Ilipita kwao ikamwachia dada yake jicho moja na uso wa mawe ya mtoni. Mayu mwenyewe alikuwa na kovu mkononi, la chanjo ya misheni. Shangazi Holo alikuwa akiliita chale za padri.

Balozi akapita nyumba kwa nyumba. Watu wa afya watakuja na gari, watakaa uwanja wa shule leo na kesho tu, kisha wanaendelea mbele, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, atachanjwa.

Lile neno ndilo lililowatawanya watu. Angesema dawa, wangekuja. Lakini kuchanjwa kila mtu alikujua ni nini, na kila mtu aliuliza maswali ambayo mtu mzima huuliza kabla hajatoa ngozi yake. Nani anachanja? Yeye kachanjwa na nani? Miiko yake ipi? Siku ile ya kwanza walikwenda watoto wa mwalimu na nyumba ya balozi. Wengine walisimama mbali kwenye kivuli cha jabali, wakatazama, wakarudi kwenye mihogo yao.

Mayu alinishika mkono jioni ile ile, tukitoka kisimani, anipeleke. Shangazi Holo akasimama njiani. Alikuwa mnene, na njia ya kwetu ilikuwa nyembamba.

"Wifi, unakwenda wapi na mtoto mwenye chale za watu?"

"Shuleni."

"Na baba, mwenye kisu, ameruhusu?"

"Ndui nayo itangoja ruhusa?"

"Mimi sijui ndui. Mimi najua moma. Hiyo sindano ya selikali ikiingia, lukago inatoka. Kesho mtoto anakwenda kuchunga, moma ananusa, anasema huyu sasa mtupu. Nani atalia? Wewe utalia siku tatu, halafu utarudi kwenu Ukerewe. Mimi nitabaki na kaburi."

Mimi nilikuwa katikati yao na ndoo kichwani, maji yananidondokea shingoni. Niwaambie kweli, niliogopa vyote viwili. Ndui sikuwahi kuiona, kwa hiyo niliiogopa kama mtu anavyoogopa jina. Moma nilimwona kila wiki. Mayu alitazama ziwa. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja idadi ya vikombe, "Basi ruhusa nitaifuata."

"Busisi?"

"Si ndiko iliko."

Shangazi alicheka. Alisema, wifi yangu, kwenda na kurudi ni kesho kutwa, gari la chanjo litakuwa limeshafika Misungwi.  Mayu alinitua ndoo.

Alfajiri tulikuwa njiani. Ulikuwa msimu wa pamba, malori yalikuwa yakienda na kurudi, na mayu alisimama katikati ya barabara, si pembeni, mpaka moja likalazimika kusimama. Dereva alitoa kichwa amwambie neno baya, akamwona uso, akasema pandeni nyuma. Nililala juu ya magunia matupu nikitazama mawingu. Pamba ina harufu ya vumbi na mafuta, na mpaka leo mto mpya wa pamba ukiletwa nyumbani nauweka puani kwanza, watu wananishangaa.

Pale Kigongo pantoni ilikuwa upande wa pili. Siku hizi kuna daraja, watu wanapita bila hata kuyatazama maji, lakini enzi zile maji yale yalikufundisha kukaa chini. Mayu hakukaa. Alisimama mbele kabisa, kidole gumba cha mguu kinagusa maji, kana kwamba pantoni ingemwona na kuona haya.

Tulimkuta guku ameketi ubavuni mwa nyumba yake mpya, anasuka upya mfuniko wa kapu la nyoka. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ngoma zilikuwa zinaanza, na makundi mawili yanayoshindana yalikuwa yapambane siku si nyingi. Guku ndiye aliyekuwa akimwinua chatu.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu mke wa mtu hasemi na baba mkwe wake uso kwa uso. Hamtazami, hali mbele yake, hamtaji jina. Anapiga magoti mbali, anageuka upande, na akiwa na neno anampa mtoto alipeleke. Mayu ingawa wa Ukerewe aliushika mwiko huo kuliko sisi wenyewe. Kwa hiyo alipiga magoti pale penye kuni, akaangalia kuni, na mimi nikawekwa katikati.

Nilimwamkia. "Shikamoo, guku."

"Marahaba. Umekua. Mama yako anakula nini, mbona kakonda?"

"Mbula," mayu akaziambia kuni, "mwambie guku wako tumekuja kuomba ruhusa."

"Guku, mayu anasema tumekuja—"

"Nimesikia. Mwambie mama yako, ruhusa ya nini."

"Mayu, guku anasema ruhusa ya nini."

"Mwambie ya chanjo. Ndui imefika kwenye kambi za wavuvi."

Basi ikawa hivyo. Walikuwa wametengana hatua chache, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, na mimi nageuza shingo huku na huku kama kuku anayenywa maji. Guku akauliza, huyo anayechanja kachanjwa na nani. Mayu akasema hajui. Dawa yao imetokana na nini. Mayu akasema hajui. Guku akaniambia, pole pole, kama anayefundisha: lukago ni nyoka, Mbula. Nyoka anazuiwa na nyoka. Kama dawa ya serikali ina ndui ndani yake, mimi ninaifahamu kazi hiyo. Kama haina, ni maji. Muulize mama yako, ina ndui au ni maji?

"Mayu, ina ndui au ni maji?"

 Mayu angeweza kudanganya, jibu lenyewe lilikuwa limewekwa mbele yake kama chakula. Akasema, "Mwambie sijui."

Guku akarudi kwenye mfuniko wake. Akasema, basi mwambie kisu changu hakifuatwi na kisu kisichojulikana. Mle, mlale, kesho mrudi.

Kesho yenyewe ilikuwa haipo. Gari lilikuwa la kutwa ile tu. Niligeuka kumpelekea mayu neno hilo ambalo alikuwa amekwisha kulisikia, nikakuta hatazami kuni tena. Amegeuka. Amemtazama guku usoni.

"Baba," akasema.

Mke wa guku, aliyekuwa mlangoni na ungo, aliuweka ungo chini.

"Baba, wewe nyoka unamjua. Mimi ndui ninaijua. Nilimpondea dada yangu ndizi wiki kwa wiki, hakuweza kufungua mdomo kwa vipele. Nyoka anauma mmoja, anakwenda zake. Ndui haiendi zake. Inamaliza nyumba hii, inabisha hodi nyumba ya pili, na mlango wa pili ukifunguliwa ni wa mtu uliyemchanja wewe. Dawa yao siijui. Aliyechanjwa nayo namjua, ni mimi. Ndui ilipita kwetu, nililala kitanda kimoja na mgonjwa, haikunigusa."

Akavuta kanga, akalifunua kovu lake.

Guku aligeuza uso ukutani mara tu aliposikia neno baba, na akabaki ameutazama ule ukuta wa udongo wakati wote, kwa heshima yake mayu, ili isije ikasemwa kwamba mkwe wake alimtazama naye akamtazama. Lakini najua kovu aliliona kwa pembe ya jicho. Baadaye akauambia ukuta, "Mbula, mwambie mama yako mimi sikusikia kitu. Masikio yangu yana upepo wa ziwa. Lakini mwambie pantoni ya mchana haijaondoka."

Akaenda ndani akatoka na fimbo tu. Kapu la chatu aliliacha ubavuni mwa nyumba. Nilimwuliza, guku, humchukui? Alikuwa haendi popote bila kapu lile. Akasema, leo hana kazi.

Namna tulivyopata lori la kurudi ningewaeleza, lakini ni habari ya mayu kusimama tena katikati ya barabara, mnaijua. Tulifika uwanja wa shule jua limeegemea jabali. Gari la chanjo lilikuwa limefunguliwa nyuma, masanduku mengine yamekwisha kupakiwa. Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na taa ndogo ya spiriti inawaka moto wa bluu, na ndipo harufu ile iliponiingia mara ya kwanza. Nesi alikuwa dada wa Kihaya, mwembamba, sauti ya kuimba kama wanavyosema watu wa Bukoba, na macho ya mtu aliyeketi kutwa akingoja wageni wa harusi ambao hawaji. Ajabu ni kwamba watu walikuwepo. Walikuwa wamejaa pale penye kivuli, kuliko jana. Habari kwamba mke wa fulani kaenda Busisi kumfuata mzee ilikuwa imewatoa mashambani, wakaja kuona mwisho wake. Shangazi Holo alikuwa mbele.

Nesi akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe umechanjwa?"

Akapandisha mkono wa gauni, akaonyesha.

"Na nani?"

"Na aliyenifundisha kazi."

"Na yeye?"

"Na aliyemfundisha." Akacheka. "Na huyo na wa kwake. Wako wengi, mzee, tutalala hapa."

Guku akaitikia kwa kichwa taratibu. Hilo lilimpendeza. "Dawa imetokana na nini?"

"Ni ndui ya ng'ombe, mzee. Ndugu mdogo wa ndui, yeye haui. Mwili ukishapigana na mdogo, mkubwa akija anakuta umekwisha kujifunza vita."

Maneno hayo yalipita nyuma kwenye kivuli, mtu anamwambia mtu. Ya ng'ombe. Ni ya ng'ombe. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, ng'ombe wa nani, na watu wakacheka, kwa sababu kwa Msukuma hilo ndilo swali la kwanza. Miaka mingi baadaye, katika kisomo cha watu wazima, mwalimu wetu alitueleza kwamba hata Wazungu, neno lao la chanjo walilitoa kwenye ng'ombe, katika lugha ya kale ya kanisani. Darasa zima la wanawake tulimtazama. Sisi tumelitaja kwa wembe, wao wamelitaja kwa ng'ombe, wembe ni njia na ng'ombe ni dawa, na guku asingeshangaa hata kidogo. Angesema, si nilimwuliza yule binti.

Lakini siku ile bado kulikuwa na swali.

"Na miiko yake?"

"Haina mwiko, mzee."

Niliwaona watu wakirudi nyuma. Hatua moja tu, wote pamoja, kama ng'ombe wanaposikia fisi. Guku alikuwa na msemo wake, na wote pale waliujua: dawa isiyo na mwiko ni uji. Aliusema. Nesi alichoka ghafla, akaketi. Mayu aliyekuwa amesimama mbali nyuma ya guku, ameangalia chini, nikaona vidole vyake vinakunja pindo la kanga na kulikunjua.

Nesi akasema, si kwa guku hasa, ni kama mtu anayejisemea, "Mimi miiko siijui. Ninachojua kidonda hakipakwi samli, wala majivu, wala mavi ya ng'ombe. Hakifungwi majani. Hakikunwi hata kiwashe vipi. Na kigaga hakibanduliwi mpaka kianguke chenyewe."

Guku akamgeukia. "Binti, miiko yote hiyo unaikalia tangu jana, halafu unashangaa watu hawaji?"

Akaiweka fimbo mezani. Akavua shati upande mmoja. Mkono wake ulikuwa na chale mpaka begani, mistari juu ya mistari, na nesi akaugeuza akitafuta mahali peupe.

"Baba," Shangazi Holo akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "na ngoma je? Ukichanjwa na kisu kingine humshiki nyoka mpaka kidonda kipone."

"Ngoma watacheza wenye mikono mizima."

Nesi akapitisha sindano kwenye moto wa bluu, sindano fupi yenye meno mawili kama uma wa mtoto, akaiacha ipoe, akachovya, akamgonga gonga pale mpaka damu ikachungulia. Guku alikuwa akiangalia kazi kwa makini, kama fundi anavyomwangalia fundi. Kisha nesi akanivuta mimi. Nililia, sitawaficha, ila nilianza kulia kabla hajanigusa, na aliponigusa nikaona haiwashi kama lukago nikaona aibu, nikaendelea kulia ili isijulikane. Nyuma yangu, nilipogeuka, palikuwa na mstari. Ulikwenda mpaka kwenye kivuli na kuzunguka jabali. Dereva akaanza kushusha masanduku.

Shangazi Holo alichanjwa wa mwisho kabisa. Na miiko aliishika kuliko sisi wote. Aliambiwa asikisugue kidonda, yeye akaongeza asioge kabisa, mpaka kigaga kilipoanguka tukashukuru nyumba nzima.

Guku alikaa kwetu mpaka chake kilipoanguka. Wenzake walivuka maji kuja kumchukua kwa ajili ya mashindano, akawaonyesha mkono, wakarudi kichwa chini. Kundi la upande wa pili likashinda. Alikuwa akisikia habari hizo anakohoa tu. Baadaye alinichanja lukago upya, na mpaka uzee huu sijaumwa na nyoka. Sijui nimshukuru guku au niwashukuru viatu. Ndui ilifika kwenye kambi iliyo karibu nasi, ikamshika mgeni mmoja aliyetoka mbali, ikatafuta wa pili. Haikumpata.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mayu alimwogopa guku. Niliamini tulivuka yale maji kwa sababu ya mkono wangu, kwamba mwanamke wa kuja hathubutu kumtia mtoto wa watu dawa bila wenyewe kukubali. Nilikuwa na watoto wangu ndipo lilipoanza kunisumbua. Yeye aliyesimama mbele ya malori. Yeye aliyesema baba. Lukago hakuwahi kuiamini, alikwenda misa kila mwezi mpaka alipokufa. Shule ilikuwa hapo nyuma ya mihogo, na shangazi alilala mapema.

Nikamwuliza, uzeeni mwake, tumekaa sakafuni tunachambua dagaa. Nikamwambia, "Mayu, si ungenipeleka kimya kimya usiku ule ule, nesi alilala pale pale shuleni. Ningechanjwa, ukanifunika na kanga, nani angejua?"

Alitoa jiwe dogo kwenye dagaa, akalitazama, akalitupa nje.

"Ningekupeleka wewe peke yako," akasema. "Halafu ungecheza na nani?"